Mjue Mgeni, Usimtangaze

Siku ile ya mvua pale Tinde ningali naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wananiuliza bibi kuna nini. Ni siku niliyoshinda. Wazee wengi wakiwaita vijana kuwapa nasaha huanza na makosa yao. Mimi leo nitaanza na ushindi wangu, kwani nao unafundisha, tena ni mtamu kuusimulia. Nimesikia umepata kazi katika nyumba ya wageni huko Kahama, na mwenye nyumba anakutaka uwaite wageni wote kwa majina na kuwachekea toka asubuhi hadi jioni. Basi kaa hapo unisikilize kabla hujaenda kuanza.

Enzi hizo za Mwingereza, dhahabu ya Geita ilipoanza kuwatoa vijana makwao, Tinde palikuwa njia panda ya kila mtu. Walipita wanaokwenda machimboni na wanaorudi, walipita wafanyabiashara wa ng'ombe, yalipita malori ya pamba. Mimi nilikuwa msichana niliyefiwa na wazazi, baba mtu wa Tabora, mama Msukuma wa hukuhuku, nikikaa na shangazi yangu Zaituni. Shangazi alikuwa na hoteli. Tuliiita hoteli, ingawa ilikuwa vyumba viwili vya udongo na baraza pana. Nilichota maji, nilitwanga, nilipakua, nilihudumia, na niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote.

Ndipo akaja Feruzi, mtu wa Ujiji, akafungua hoteli yake ng'ambo ya barabara. Kanzu yake nyeupe, sauti yake ya kuadhini. Ukiingia kwake mara ya kwanza alikuuliza jina lako, la mama yako, watoto wangapi, unaumwa nini. Ukirudi mara ya pili aliyatangaza yote hayo toka mlangoni kana kwamba umefika kutawazwa. Watu walimiminika. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tukabaki tukifukuza nzi.

Shangazi alinigeukia mimi. "We Mwamvita! Mgeni anataka maneno. Mwenzako pale anamwimbia mtu mpaka anajiona mtemi, wewe unaweka sahani unaondoka. Umekuwa gunia la pamba?"

"Shangazi, mimi nawaangalia."

"Macho hayajazi sufuria," akanijibu. Kisha akasema neno lililoniingia mwilini kama homa: masika yakiisha atauza vyombo, arudi Tabora, nami nitapelekwa kwa baba mdogo, ambaye alikwisha kuniahidi kwa rafiki yake wa makamo mwenye wake wawili. Sikulala vizuri tena tangu hapo. Nilikuwa na masika yale tu.

Lakini sikubadilika, mwanangu. Mimi mbishi tangu zamani, na mbishi akiwa na haki hasikii dawa. Alikuwepo mzee mmoja mchuuzi wa ng'ombe, Mzee Masanja, aliyekuwa hana meno. Nilipomwona anageuza nyama mdomoni muda mrefu, siku nyingine nilimchemshia yake peke yake mpaka ikalainika, nikamwekea bila kusema kitu. Alikula, akanitazama, akatabasamu na ufizi wake wote. Alipojaribu kwa Feruzi alikaribishwa kwa kelele: "Mzee wetu hana meno, mleteeni uji!" Baraza zima likageuka kumtazama mdomo. Uji ule ulikuwa mzuri, nasikia, wenye maziwa, ila mzee hakurudi kuunywa tena.

Sikatai, wapo waliopenda kutangazwa. Kijana akitoka Geita na viatu vipya, mguu mmoja ameutanguliza ili wote wauone, mtu wa namna hiyo ukimwita jina lake kwa nguvu umempa zaidi ya nyama. Nami nilimsifu: "Viatu hivyo, kaka, vinatembea vyenyewe!" Nilimpa alichokuja kukitafuta, na yeye alikitanguliza mwenyewe nikione.

Basi siku hiyo, mvua imenyesha toka alfajiri, lori likitoka Kahama kwenda Shinyanga likakuta kijito kilicho mbele yetu kimefurika, likasimama. Abiria wakaanza kushuka, wamelowa na wana njaa. Mimi nilikuwa barazani. Nikamwona mama mmoja wa makamo akishuka upande wa dereva. Papo hapo kijana mmoja akaruka kwa nyuma, akalizunguka lori zima ili asikutane naye, akageukia ukuta mpaka mama akapita. Mama naye akavuta kanga usoni.

Sikuhitaji kuambiwa. Msukuma yeyote angeng'amua kwamba yule ni mkwe na huyu ni mama mkwe wake. Siku hizo mkwe hakumtazama mama mkwe usoni, akimwona njiani aliacha njia, na kula mbele yake ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Lori liliwaweka pamoja bila wao kutaka, na safari nzima walikuwa wamejikunyata, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakiomba iishe.

Wote wakaenda kwa Feruzi, ndiko kulikosifika. Feruzi aliwajua wote wawili, na hapo ndipo alipojiharibia. Nilisikia toka kwetu: "Mama Kabula! Karibu mama yangu! Na Nkwabi, mume wa Kabula, naye yupo! Leo mkwe na mama mkwe pamoja! Leteni sinia kubwa, mama ale na mwanawe!" Akamshika Nkwabi mkono, akamvuta mpaka kwenye mkeka, akamkalisha uso kwa uso na mama wa mkewe. Kwao Ujiji, huenda hiyo ni heshima kubwa.

Mama Kabula akainuka, kanga kichwani, akatoka akasimama mvuani kando ya lori. Nkwabi akajinasua mkono, akatokea mlango wa uani, naye akasimama mvuani nyuma ya nyumba. Wenzao wakaziacha sahani. Nani angemeza tonge huku mama mtu mzima ananyeshewa kwa haya?

Mwanangu, niliukwapua mkeka mkubwa wa shangazi, nikautundika kwenye kamba katikati ya baraza, upande huu usiuone upande ule, na apitaye kwenda jikoni asionekane. Nikavuka barabara mbio. Kwa yule mama nikapiga goti topeni. "Shikamoo mama. Jikoni kwetu kuna moto. Njoo uote."

"Marahaba," alisema, sauti haitoki. Sikumwita Mama Kabula, ingawa Tinde nzima ilikuwa imekwisha kulisikia jina lake. Nilimtangulia, akanifuata. Nilipokwisha kumkalisha na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, nikavuka tena, nikatokea nyuma ya nyumba ya Feruzi kwa yule kijana. "Kaka, pale kwetu pana banda la kuni, halivuji." Sikumuuliza yeye ni nani. Nikampelekea ugali na nyama, nikamwacha ale amewapa mgongo walimwengu.

Abiria wengine wakaanza kuvuka barabara, mmojammoja, kisha wote. Shangazi alikuwa amesimama na upawa mkononi, mdomo wazi. Alipoona baraza limejaa pande zote mbili za mkeka akazinduka: "Unangoja nini wewe? Ongeza kuni!" Tulipika mpaka sufuria zikabaki na ukoko, na ukoko nao ukaliwa.

Alasiri kijito kikapungua. Mama Kabula kabla ya kupanda lori akanishika mikono yote miwili. "Wabeja, mwanangu," alisema, na hiyo ndiyo asante ya Kisukuma. "Umenistiri." Akageuka, na mama yule aliyekuwa hatoi sauti akapaza sauti mbele ya abiria na dereva: "Sisi tukipita Tinde, tunakula hapa." Dereva akaitikia, abiria wakaitikia. Mimi nililia, tena kwa kelele, sikuona aibu.

Habari za njiani zina miguu. Kabla pamba haijavunwa, malori yalikuwa yakisimama kwetu bila kuitwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Masika yalipokwisha shangazi alinunua sufuria mpya badala ya kuuza zile za zamani, na baba mdogo alipoleta ujumbe wa posa alimjibu: "Mwamvita ana kazi." Maneno matatu tu, nami niliyasikia nikiwa jikoni nikacheza ngoma peke yangu. Nilikaa katika hoteli ile mpaka ikawa yangu.

Feruzi hakuwa mtu mbaya. Alikuja siku moja, mpole, kofia mkononi. "Bi Mwamvita, mimi wale niliwaheshimu."

"Uliwaheshimu, Bwana Feruzi, lakini kwa heshima ya kwenu." Aliguna, akafikiri, akacheka. Tangu hapo sauti yake ilipungua, na wateja wake wakarudi kiasi, wala sikumwonea wivu kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumshinda.

Basi nasaha yangu ni hii. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, kila jicho linamwona. Usimwongezee taa. Jua jina lake, jua asichokula, jua kitanda kinachoufaa mgongo wake, lakini ujuzi huo auone yeye katika sahani na shuka, asiusikie jirani wa meza ya pili. Akitanguliza kiatu, sifu kiatu. Akivuta kanga usoni, mtafutie pazia. Na bosi wako akikwambia macho hayajazi sufuria, mheshimu, mwitikie, kisha uendelee kuangalia.

Mungu akupe macho mepesi na ulimi usio na haraka. Awalete kwako wenye furaha uwashangilie, awalete wenye haya uwafunike, na kila atokaye mlangoni kwako atoke ameshiba na heshima yake iko mwilini. Nenda, mwanangu, nenda ukawashinde.