Ng'ombe Wanne wa Moiben na Laptop ya Jerono

Enzi zetu kule Moiben, mtu akikuta mnalima hakuuliza plau mmeinunua wapi. Aliuliza, "Mmefunga wangapi?" Mkisema wawili, anaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Mkisema wanne, anasimama aone. Nyinyi mliozaliwa wakati wangu mnajua. Mnaijua ile harufu ya udongo ukipinduliwa asubuhi, ukungu bado umelala kwa nyasi, na vile visigino vilipasuka mpaka mama anatupaka siagi kama mikate. Nyinyi ndio ninawaandikia, kwa sababu wajukuu wangu nikiwaeleza wananiita bibi kwa lugha yetu, wanasema, "Kogo, hiyo ni ya kitambo," kana kwamba kitambo ni ugonjwa.

Lakini mwaka huu hicho kitambo kiliitwa kazini.

Jerono, mtoto wa binti yangu Ruth, anakaa na mimi hapa Kiplombe na anasoma chuo pale mjini. Anacheza michezo ya kompyuta. Mimi pia nilidhani ni upuzi, mpaka akanieleza wako timu ya watu watano na wanashindana na vyuo vingine. Shida ilikuwa laptop yake. Katikati ya mchezo, wenzake wakimtegemea, picha inasimama kama punda aliyekataa mlima. Wakamwambia wazi: ukija na hiyo kwa mashindano, nafasi yako tunampa Brayo, yule mchezaji wa akiba. Siku hiyo alirudi nyumbani akakataa ugali, na huyo ni mtoto ambaye hajawahi kukataa ugali.

Nikasema tutanunua nyingine. Akapata mbili zinazotufaa kwa duka moja mjini, na hapo ndipo akakwama. Moja inaitwa dual-core, nyingine quad-core. Alinieleza hivi: ndani ya laptop kuna prosesa, hiyo ndiyo inafanya kazi ya kufikiri. Ya kwanza ina core mbili, ni kama wafanyakazi wawili. Ya pili ina nne.

"Si uchukue ya wanne?" nikamuuliza.

"Si rahisi hivyo, Kogo. Hao wawili wako na mbio kuliko hao wanne. Nikichagua vibaya, nimeisha."

Mimi shule niliiacha darasa la pili. Lakini wawili ama wanne, hilo swali nililijibu nikiwa na miaka tisa.

Baba yangu, Mzee Kibet, hakuwa na mvulana. Alikuwa na mimi, Chelagat, na wadogo zangu Jepkosgei na Jelimo, na ng'ombe wawili wa kulima, Meja na Karani. Aliwaita hivyo makusudi. Alisema mtu maskini lazima awe na mahali pa kumkaripia mkubwa. "Karani, wacha uvivu! Meja, unalala kazini?" Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Baba alishika plau, mama alishika kiboko, na mimi nilitangulia na kamba, nikiwaongoza. Watu walinong'ona kwamba msichana akishika kamba ya ng'ombe, shamba halitazaa. Baba aliwajibu, "Shamba halina macho."

Basi mwaka mmoja jua likachoma mpaka ardhi ikawa kama sakafu ya kanisa. Meja na Karani wanavuta hatua kumi, wanasimama kupumua. Na mvua tayari ilikuwa inanukia upande wa milima ya Cherangani. Baba akaenda kwa jirani yetu, Mzee Njoroge, aliyekuja kutoka Nyeri na mke wake Wangari na gunia moja la mbegu za viazi. Yeye pia alikuwa na wawili, Sukari na Chumvi. Wakapatana: tufunge wote wanne, tulime kwako, halafu tulime kwangu.

Mungu wangu, siku hiyo! Tuliwaweka Sukari na Chumvi mbele. Baba akapaza sauti, Meja na Karani wakavuta. Sukari na Chumvi wakaendelea kutafuna majani. Kumbe Njoroge amewafunza wake kwa Kikuyu, na wetu walijua Kikalenjin peke yake! Njoroge akapiga kelele kwa lugha yake, wake wakaondoka mbio, wetu wakasimama. Mnyororo ukakazika, nira ikapinduka, plau ikaruka na kuacha mtaro kama njia ya nyoka mlevi. Watoto walikuwa wamejaa kwa ua wakituangalia. Kipkemboi, mvulana aliyekuwa anaitamani hiyo kamba yangu tangu mwaka wa nyuma, akaita, "Chelagat! Ng'ombe wanne, mtaro nusu!" Hata Wairimu, msichana wa Njoroge mwenyewe, alimcheka babake.

Jioni tulipima kwa macho. Wanne walikuwa wamelima kidogo kuliko wale wawili peke yao. Wazee wakamwambia baba, mpe Kipkemboi kamba. Baba akasema, "Mpeni Chelagat wiki moja."

Nilichofanya hiyo wiki sikuambiwa na mtu. Niliacha plau nyumbani. Nikawafunga wote wanne kwa gogo, nikatembea nao kwenda mtoni na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka nyayo zangu zikawa ngumu kama kwato zao. Na nikachagua Kiswahili, kile cha sokoni ambacho baba na Njoroge wote walikipata vipande vipande. "Songa. Simama. Geuka." Ng'ombe akisikia, anapata chumvi ya mawe kutoka mkononi mwangu. Karani alikuwa mwerevu, alijua siku ya pili. Meja alikuwa na kiburi. Sukari alifuata Chumvi kwa kila kitu, hata kwa makosa. Siku ya tano nikasema "songa" mara moja tu, na wanyama wanne wakanyanyua miguu pamoja.

Tulimaliza kwetu na kwa Njoroge kabla ya tone la kwanza la mvua. Wangari alileta githeri ya mahindi na maharagwe kwa sufuria nyeusi, mama akatoa maziwa ya mursik kwa kibuyu, tukala wote tukiwa na udongo kwa kope. Hapo ndipo baba alisema maneno ambayo sijayasahau: "Wanne wasiosikia neno moja ni mzigo. Wakilisikia, ondoka njiani."

Kwa hivyo Jumamosi nilijifunga kitambaa changu kizuri, tukashuka mjini na Jerono. Mwenye duka ni mama mmoja anaitwa Atieno, mtu wa Kisumu, mchangamfu. Alituwekea zote mbili kwa kaunta.

"Mama, mchukulie hii dual-core," akaniambia. "Ni nyepesi, na kila core iko na mbio. Hii quad-core ni nzito kubeba, na kila core iko pole kidogo."

Nikamuuliza, "Na huo mchezo wake, unajua kuongea na wote wanne?"

Jerono akafunika uso. "Kogo, tafadhali! Si ng'ombe hizi."

"Wewe ngoja," Mama Atieno akasema, na akavaa miwani. "Bibi yako ameuliza swali lenyewe."

Akatueleza kwamba michezo mingi ya zamani inampa kazi mfanyakazi mmoja ama wawili, hao wengine wanakaa bure, na hapo wawili wenye mbio wanawashinda wanne. Mingi ya siku hizi inagawa kazi, kila mmoja anashika upande wake. Na kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwa kioo, ilikuwa sawa kwa laptop zote mbili, kwa hivyo ugomvi ulikuwa wa prosesa peke yake. Mchezo wa Jerono umetoka juzi juzi.

"Basi zifunge nira tuone," nikasema. "Kwetu ng'ombe wa plau hanunuliwi kabla hajavuta mbele yako."

Mama Atieno alicheka mpaka wateja wakageuka, lakini aliuweka mchezo kwa zote. Ile ya wawili ilitoka kama mbuzi aliyefunguliwa, Jerono akaanza kutabasamu. Halafu wenzake wote wakaingia mchezoni, kila mtu kutoka alipo, na maadui, na moshi, na sauti za timu zikiongea pamoja. Ikasitasita. Ikasimama. Ile ya wanne haikuwa na haraka mwanzoni, lakini vita vilipokolea, haikubadilisha hatua.

"Kogo," Jerono akaniambia polepole, "hizi vitu umezitoa wapi?"

"Moiben," nikamwambia.

Siku ya mashindano nilikuwa pale ukumbini na chupa yangu ya chai. Laptop haikusimama hata mara moja. Walishika nafasi ya pili kati ya vyuo kumi na viwili, na Brayo alibaki kuwa shabiki. Baada ya masaa matatu ya mchezo hao vijana wakasema wamechoka, migongo inawauma. Na walikuwa wamekaa! Kwa viti vyenye mito! Nikawamiminia chai bila kuwacheka, kwa sababu nilikuwa nimeona mbio za vidole vya Jerono na jinsi wenzake walivyotulia kila alipowaambia la kufanya.

Enzi zetu, mtoto akifanya kazi nzuri, kazi hiyo ilibaki nje kwa jua. Mahindi yalipoota kwa mistari iliyonyooka, Moiben yote ilijua ni mkono wa nani. Siku hizi trekta inalimaliza lile shamba kabla ya chai ya saa nne, na dereva hajui jina la mtu hata mmoja pale. Na Jerono akishamaliza mchezo wake, anafunga kifuniko, meza inabaki tupu. Hakuna kinachoota. Hilo linaniuma kidogo, mtoto kufanya vizuri namna hiyo na Kiplombe nzima isijue.

Kwa hivyo Jumapili, ibada ilipoisha, nilitangulia mlangoni. Nikawasimamisha mmoja mmoja wakitoka, kila mtu kwa jina lake, na nikawaambia kazi aliyoifanya Jerono.