Jenereta Mbili Chini ya Maji

Sona, yaani kutazama chini ya maji kwa mlio, nilijifunza kwa video, chumbani kwangu Temeke. Nilizima taa, nikalaza tochi sakafuni na kumulika sufuria ubavuni ili nisome vivuli vyake. Chombo chenyewe hufanya hivyohivyo baharini: kinapiga mlio kushoto na kulia, na kitu kilichokaa juu ya mchanga kinaonekana kwa kivuli chake cheusi. Mama mwenye nyumba alinikuta nimelala kifudifudi na tochi yangu. Akaenda, akarudi na dawa ya mende.

Chombo nilikinunua kikiwa kimeshatumika. Ni bomba la njano lenye mapezi, linaburutwa kwa waya nyuma ya boti, na wenye kazi wanaliita samaki. Nilikuwa sijawahi kulitumia mbele ya watu. Niliogopa kukosea, na hofu hiyo ninayo hadi leo.

Sasa kaka yangu alikuwa anafanya kazi kwa mama mmoja wa Manzese anayekodisha maspika, viti na maturubai ya sherehe. Vitu vyake vyote vina mstari wa rangi ya waridi, visichanganyike na vya wenzake. Kaka alikuwa pia amepeleka posa kwa binti wa mama huyo. Halafu siku moja akiwa anavusha jenereta kwa boti ndogo kwenda kwenye harusi ya ufukweni Kigamboni, boti kubwa ikapita, wimbi likaja, jenereta ikateleza ikazama. Yeye na nahodha walieleza hivyo. Mama alisema wameiuza. Mshenga akaambiwa asikanyage tena kwake mpaka jenereta ionekane.

"Mdogo wangu," kaka aliniambia, "wewe si una lile samaki lako?"

Jumamosi tukawa wanne kwenye boti ileile: nahodha, kaka, mie, na mama mwenyewe, amevaa jaketi la kuokolea juu ya dera, amekaa katikati kama mgeni rasmi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mie sina neno na wewe, binti. Nimekuja kuona jenereta au kuona aibu."

Nilimwomba nahodha aende polepole kwa mstari ulionyooka. Akapinda kidogo kukwepa boya la wavuvi, nikaomba turudie. Picha kwenye kioo cha kompyuta yangu ikapinda ukingoni, turudie tena. Kaka alitafuna kucha zake zote, akaanza kuangalia zangu.

Kisha kwenye kioo kikapita kitu cha pembe nne, na nyuma yake kivuli cha fremu ya mabomba. Nikainamia kioo, nikaweka alama pale. Mama alikuwa anatazama uso wangu.

"Umeona nini?"

"Kuna kitu kinachoweza kufanana na jenereta, tukipata uthibitisho."

"Ipo au haipo?"

"Inaelekea ipo."

"Unaongea kama daktari anayetaka nikafanye kipimo kingine."

"Sema ipo!" kaka alininong'oneza.

Sikuweza. Nikaomba tupite tena, safari hii tukirudi. Kitu kikaonekana vizuri, nikaweka alama ya pili, nayo ikakaa mbali kabisa na ile ya kwanza.

Mama alivaa miwani, akagusa kioo kwa kidole. "Hii moja. Hii ya pili. Mie nimepoteza jenereta moja tu, wanangu. Imezalia humo?"

Nahodha alicheka mpaka akaachia usukani. Kaka hakucheka.

"Hili mmelipanga nyumbani," mama alimwambia. "Turudi."

Nahodha akaanza kugeuza. Nikageuka nyuma kwa aibu, nisiwatazame, na macho yangu yakaangukia kwenye waya. Kioo kinajua boti iko wapi, lakini samaki yuko nyuma kabisa! Kwenda, alama imewekwa mbele ya kitu. Kurudi, imewekwa mbele vilevile, ila kwa upande wa pili. Nilikuwa nimepima hadi upana wa benchi, nikasahau kuingiza urefu wa waya. Nikauingiza. Alama mbili zikasogeleana, zikalaliana.

"Haya," mama alisema, akivua miwani. "Mtoto amerudi tumboni."

Tulipofika juu ya alama, kaka alizama na kamba. Alipoibuka alitema maji na neno moja: "Ipo!"

Tuliivuta wote, mama akiwa wa mbele. Ikaja imejaa mchanga, na pweza mdogo akachomoka kwenye tangi. Mama alikwangua tope kwa funguo zake mpaka mstari wa waridi ukatokea. Nilitaka kusema kwamba kuna ukanda wa kusini bado hatujaupima. Kaka akanikanyaga.

"Mwambie mshenga wako aje kesho," mama alimwambia. Kisha akanigeukia. "Ila wewe, siku ya harusi usishike kipaza sauti. Tutauliza kama bwana harusi amefika, utasema inaelekea amefika."

Alifika. Nilihakikisha kutoka pande zote mbili.