Matango ya Bwana Rula na Ushuru wa Matairi

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu baada ya mimi kumpitisha, ni mkulima wa matango. Mtaa mzima tunamwita Bwana Rula kwa sababu rula haimtoki mfukoni. Tango likianza kupinda, analifungia kijiwe kwenye ncha mpaka linyooke. Wanawe hakuwafungia kitu, ndiyo maana wamekuwa walivyo. Wapwa zangu mnaosoma hapa, mmejijua.

Yaliyonyooka yalikuwa ya kwenda nje, yanafuatwa na lori la wakala. Yaliyopinda ndiyo ya nyumbani na ya soko letu. Na ili wezi wasimwingilie, Bwana Rula alitangaza miaka nenda miaka rudi kwamba yaliyonyooka yamepigwa dawa ya ng'ambo. "Ukilila, tumbo litanguruma kwa lugha ambayo hata daktari hajaisomea!" Watu wakaamini. Hata mimi niliamini kidogo, na mimi si mtu wa kudanganywa.

Basi wakubwa wetu na wakubwa wa nchi inayonunua matango wakakosana. Serikali yetu ikapandisha ushuru wa matairi yao, nao kwa hasira wakapandisha ushuru wa matango yetu. Tairi na tango, wapi na wapi? Bwana Rula hana hata toroli! Mimi niliacha shule mapema, na shule ndiyo iliyopata hasara, lakini nilijua kabla redio haijamaliza kusema: lori haliji.

Halikuja. Wakala akapiga simu. "Mzee, kwa ushuru huu tango lako litauzwa huko bei ya viatu. Tafuta wateja hapo hapo."

Dada akasimama mlangoni mwa banda la nailoni yanamoota matango, mikono kiunoni. "Mume wangu, haya yakiozea humu, banda nalichukua. Naweka kuku."

Bwana Rula nusura azirai. Banda lile analipenda kuliko anavyonipenda mimi, hebu fikiria!

"Shemeji," nikamwambia, "akili zote ziko hapa. Twende sokoni."

Tukayapanga mezani, yamenyooka kama askari wa gwaride. Wateja wakapita mbali kama wanaokwepa nyuki. Muuza nyanya wa meza ya pili, mdomo hauna breki, akapaza sauti: "Si wewe uliyesema yana dawa?"

"Nilikuwa natisha wezi, mama."

"Aa! Leo ndiyo umekumbuka?"

"Kula basi tuone," akadakia fundi viatu.

Bwana Rula akala. Akala la pili. Watu wakajaa, masikio yote kwenye tumbo lake. Kwenye la tatu akashikwa na kwikwi, umati ukaruka nyuma.

"Limeanza kuongea!" akapiga kelele fundi.

Ningemsaidia kula, ila jino lilianza kuniuma ghafla.

Hapo dada akatokea na wavu wa kuku begani, tayari kwa kazi. Akamkuta mumewe machozi yanamlenga, kwikwi juu ya kwikwi, tango jingine mkononi. Akautua wavu chini.

"Mama nyanya, ulipokuja kuniona nilipojifungua, saladi yangu uliionaje?"

"Tamu. Si niliongeza mara mbili?"

"Unadhani nilikukatia tango lililopinda? Mgeni wangu nimpe mabaki? Nimewalisha yaliyonyooka miaka yote. Likishakatwa, nani anajua lilikuwaje? Haya, nani tumbo lake liliwahi kuongea?"

Muuza nyanya akachukua moja, akaling'ata, akachukua kapu zima. Wengine wakamvamia asiyamalize.

Aliyebaki ameduwaa ni Bwana Rula. "Kumbe... hik!... ulikuwa unaniibia?"

"Nilikuwa nakula vyangu. Wewe ndiye uliyekuwa unakula yaliyopinda peke yako."

Banda limebaki la matango, na wavu wa kuku ndio yanaoutambalia. Wazo la kwenda sokoni lilikuwa la nani? Msinilazimishe kujisifu.

Wakubwa walipopatana, lori likarudi, wakala anakenua meno. Bwana Rula akamsogezea kapu.

"Mzee, mbona yamepinda?"

"Yaliyonyooka yana wenyewe hapa mtaani." Akamjazia kiganja vijiwe. "Wapelekee na hivi. Wakafunge wenyewe."