Chumba cha Watandika Vitanda

Ordella Pruitt alitandika vitanda vya watu wasiomjua kwa miaka ishirini na sita, katika hoteli ya zamani ya Marlow Bend, mji mdogo wa kando ya mto kusini mwa Illinois. Hoteli ilipobomolewa, mahali pake pakabaki uwanja wa kuegesha magari, naye akabaki na magoti mabovu. Hakulalamika. Alikuwa mjane mrefu, mpole, asiyependa sauti yake isikike mbele za watu. Hata kanisani alikaa safu ya nyuma.

Basi halmashauri ikaleta shauri: pale pale katikati ya mji ijengwe hoteli mpya ya ghorofa kumi na moja, pamoja na ukumbi wa mikutano, kwa dola milioni sabini za walipa kodi. Mji ukapasuka vipande viwili. Wenye mikahawa walisema wageni watamiminika. Wengine walisema shule zinavuja, mabomba yameoza, hoteli ya nini? Mabango yakachomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba, na majirani waliozoea kuazimana mashine za kukata nyasi wakanuniana.

Cleon, mdogo wa marehemu mumewe, fundi bomba mstaafu, alikuwa mstari wa mbele wa wapinzani. Kila Jumamosi alikuja kwa Ordella kunywa chai ya asubuhi, yaani mayai, soseji na maneno mengi.

"Shemeji, bango lako liko wapi? Mtaa mzima, nyumba yako tu ndiyo iko uchi!"

"Nyumba yangu ina mapazia, inatosha. Kula."

"Uko upande gani wewe?"

"Upande wa jiko."

"Aa, nakujua. Unataka hoteli irudi ukafagie tena."

"Kwa magoti haya? Labda wanisukume kwenye toroli la shuka."

Cleon akacheka hadi akapaliwa. Alipopata pumzi, akatandaza mezani ramani ya jengo aliyoichukua halmashauri ili atafute kasoro. Yeye macho yake yalikuwa kwenye bei. Ordella akavaa miwani na kutazama chini kabisa, kwenye ghorofa iliyozama ardhini. Kando ya mashine za kufulia palichorwa kisanduku kidogo kisicho na dirisha: chumba cha mapumziko cha wafanyakazi.

Akaweka kidole hapo, hakukiondoa. Katika chumba kama hicho ndimo alimokula chakula chake cha mchana miaka yote ile. Na ndimo rafiki yake Velma alimoanguka siku moja ya Julai, kwa joto la mashine. Walipomkuta, mkate wake ulikuwa haujaumwa hata kidogo. Velma hakuamka tena.

"Umeona nini?" Cleon akauliza.

"Naangalia tu."

Jumanne ya mjadala ukumbi wa halmashauri ulijaa. Kila mtu alipewa dakika tatu. Cleon alinguruma, akapigiwa makofi. Mwenye mkahawa alijibu, naye akapigiwa yake. Kisha mwenyekiti, Bibi Halina Wojcik, akasoma jina la arobaini na moja: Ordella Pruitt. Cleon akageuka kama aliyechomwa sindano.

"Mama Pruitt, unaunga mkono au unapinga?"

"Sijaja kwa hayo, mwenyekiti." Akashika meza kwa mikono miwili. "Nimekaa hapa tangu saa kumi na moja. Wote mmemzungumzia mgeni atakayelala. Sijasikia hata mmoja akimtaja wa kutandika."

"Hiyo siyo ajenda ya leo, bibi!" sauti ikatoka nyuma.

"Mwanangu, shuka zako anafua nani?"

Watu wakaangua kicheko. Ordella akangoja kiishe, kisha akawasimulia habari ya Velma, bila kupamba, na mkate wake pia akautaja. "Mjenge msijenge, hiyo ni kura yenu. Ila mkijenga, pesa yangu isimfukie mtu ardhini na mashine wakati anakula. Ni hayo tu."

Akarudi kitini, dakika moja kati ya zile tatu ikiwa bado imebaki. Mchoraji wa ramani, mwanamume mwembamba aliyekuwa amejiinamia jioni nzima, akainuka akamfuata.

"Mama, wewe ungekiweka wapi?"

"Hapa juu, upande wa mto. Ulipoweka duka la zawadi."

Hoteli ilipita kwa kura tano dhidi ya nne. Sharti la kuhamisha chumba kile lilipita kwa kura zote tisa.

Cleon akasusa Jumamosi mbili. Ya tatu akaja, akasimama mlangoni. "Umewapa kisingizio, shemeji. Sasa wanaonekana wana huruma."

"Tano zao walikuwa nazo kabla sijafungua mdomo. Na wewe unajua. Ingia, mayai yanapoa."

Akaingia.

Hoteli ilifunguliwa baada ya miaka miwili. Cleon hakukosea: majira ya baridi nusu ya vyumba vilikaa vitupu, na kodi ya chakula mikahawani ikapanda. Hilo Ordella alimkubalia waziwazi, na Cleon akalirudia kila wiki kama sala.

Siku aliyoalikwa kutazama, miguu ilimpeleka mlango wa nyuma kwa mazoea. Msichana mwenye sare ya kijivu akampeleka chumbani. Dirisha lilikuwa dogo kuliko lililochorwa. Nusu yake ni mto, nusu ukuta wa maegesho. Lakini jua lilikuwa mezani, na wanawake sita walikuwa wakila. Wakamsogezea kiti. Akakaa, akafumba macho kidogo.

Walipomzoea, mmoja akasema, "Mama, magodoro haya mapya ni mazito, migongo inatuuma."

"Mmemwambia nani?"

"Nani atatusikiliza sisi?"

Ordella akawaambia halmashauri hukutana Jumanne ya kwanza ya mwezi, na majina huandikwa mapema. Mwezi uliofuata walikwenda watatu. Aliwapeleka yeye, kwa gari lake.