Mama Alipanda Kabasha kwa Miguu

Papa alikuwa dereva wa kamyo ya mizigo ya tajiri mmoja wa Goma, na sisi tulikaa mtaa wa Murara. Siku moja, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo, muuza maharagwe mmoja alifika kutoka Butembo na kumwambia mama kwamba baba yake haamki tena kitandani. Mama hakuwa amerudi kwao tangu aolewe. Hakulia. Aliingia ndani akaanza kufunga vitu.

Tajiri alikuwa na chumvi ya kupeleka Butembo, akakubali tusafiri wote. Tulipakia godoro, sufuria, makaa na kuku wawili. Mama alikaa mbele na papa, akimpakata mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia. Tulilala Rutshuru chini ya turubai, mvua ikilipiga juu ya vichwa vyetu.

Kesho yake, katika mbuga ya Rwindi, tembo walisimama barabarani. Papa akazima injini. Tulingoja hadi jua likawa kali, na chuma cha kamyo kikawa hakishikiki.

"Hawa kwao hawana wagonjwa?" mama akauliza.

Tulipofika chini ya mlima Kabasha, mti wa kizuizi ulikuwa umeshushwa. Barabara ile ilikuwa nyembamba, na magari yalipeana zamu: yakishuka haya, yale ya kupanda yanangoja. Papa alimwomba mlinzi atufungulie.

"Papa, ukikutana na kamyo ingine kwenye kona, nani atarudi nyuma?" mlinzi akasema.

Papa alijua kwamba mtu yule alisema kweli, akaketi kwenye kivuli cha gurudumu. Mama yeye alishuka, akamfunga mtoto mgongoni, akainama na kupita chini ya ule mti.

"Unaenda wapi?" papa akaita.

"Kwetu."

"Lakini kamyo itakukuta njiani tu!"

"Inikute."

Papa alimtazama kidogo, kisha akaniambia, "Mufuate mama yako. Mutembee upande wa mlima, si wa shimo."

Tulipanda. Kila kamyo iliyoshuka ilituacha tumejaa vumbi, tukigandamana na ukingo. Mama alikuwa akihema, lakini alizungumza, yeye ambaye nyumbani hakuwa na maneno mengi. Alinisimulia jinsi baba yake alivyombeba mabegani kuvuka mto siku za soko, na jinsi alivyokataa kula siku ile mama alipoolewa mbali. Nilishika kona ya kitenge chake tukaendelea.

Kamyo ilitukuta karibu na juu. Papa alifungua mlango, akampa mama maji, hakumlaumu.

Tulifika Butembo siku iliyofuata, jioni, na baridi ya kule ilituingia hadi mifupani. Babu alikuwa hai. Alilala karibu na moto, amekonda mno. Mama alipiga magoti. Muzee alimtazama, halafu akamwita kwa jina la nyanya, mke wake aliyekufa zamani.

"Umechelewa shambani," alisema kwa Kinande, lugha ya kwao.

Nilingoja mama amwambie kwamba yeye ni binti yake.

"Mvua ilinizuia," mama akajibu. "Sasa nimerudi."

Muzee akamshika mkono, akafumba macho. Usingizi ulimchukua bila kulalamika, na wajomba zangu walisema hakuwa amelala hivyo kwa muda mrefu.

Papa alilazimika kurudisha kamyo Goma, kwa hiyo hakuwepo babu alipokufa, wala siku ya mazishi. Wajomba walichimba kaburi kwenye mteremko nyuma ya nyumba, udongo ukiwa mwekundu na mzito kwa mvua. Baadaye, tukimenya viazi vya watu wa matanga, nilimwuliza mama kwa nini hakujitaja.

"Alikuwa anamungoja mke wake," alisema. "Ningemuambia kwamba haji?"

Kisha akaniambia nilete maji, kwa sababu watu walikuwa wanazidi kufika.