Doa la Mafuta Sakafuni

Siku yangu ya kwanza kazini mjini Durban, Mkaguzi Mkuu alinikabidhi tochi na sumaku iliyoshonewa kitambaa, kisha akaniuliza kama naogopa kupiga magoti. Nikamjibu kwamba nimesomeshwa na masista, magoti nimeyazoea. Hakucheka. Alikuwa mzee wa hapohapo Durban, mkavu wa maneno, na tai haikumtoka hata akiwa chini ya gari. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Nairobi, ambako nilikagua magari yaliyogongana, nikamfuata mume wangu aliyepata kazi ya kufundisha chuoni.

Ofisi yetu ilikuwa karibu na bandari na ilitoa bima za kila namna, ila mimi nilipangiwa magari ya kale. Vijana wengi hudhani gari likizeeka tu linaingia bima hiyo ya kale. Thubutu! Bima ya kawaida huhesabu uchakavu, kwa hiyo gari la zamani likiibwa mwenyewe huambulia pesa ya kununulia baiskeli. Bima ya magari ya kale hufuata bei ya makubaliano, yaani thamani mliyoafikiana mapema, na ndiyo inayolipwa. Kwa sababu hiyo masharti yalikuwa makali. Gari liwe katika hali yake ya asili, liwe la matembezi wala si la kwendea kazini kila siku, na usiku lilale ndani ya gereji yenye kufuli.

Sumaku ilikuwa ya kutafutia puti, ule ujiuji ambao mafundi hujazia palipoliwa na kutu kabla ya kupaka rangi. Kwenye bati sumaku hunasa, kwenye puti huanguka. Kanyagio la breki nalo lilitazamwa, maana mpira wake ukiwa umelika na kilometa zinazosomeka ni chache, kuna mtu amezichezea. Lakini Mkaguzi Mkuu alipenda zaidi sakafu ya gereji.

"Mwenye gari atakudanganya," aliniambia, "na karatasi zake zitakudanganya. Sakafu haina cha kupata. Gari la zamani lazima lidondoshe mafuta. Usipoona doa, halilali hapo."

Nilimfuata hivyo miezi mitatu, muda wangu wa majaribio. Wiki ya mwisho akanipa faili la kwanza la kwenda peke yangu. Lilikuwa la Papa Ilunga, fundi cherehani Mkongomani aliyeishi ghorofani Albert Park na kukodi gereji nyuma ya nyumba moja kule Overport.

Alinipokea kwa suti, mkewe amesimama kando na soda kwenye sinia.

"Karibu, Mama. Gari iko. Ndiyo ilituleta toka Lubumbashi, mimi, bibi na watoto wane. Haijatuangusha hata siku moja."

Ilikuwa motokaa ya Kifaransa, rangi ya maziwa. Papa Ilunga aliitumia Jumapili tu, kwenda kanisani. Viti alikuwa amevishona upya kwa mkono wake, akipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani, na nisingejua kama asingenionyesha.

"Shida ni propriétaire, mwenye hii garage," akaeleza. "Anasema bila karatasi yenu ya assurance, mwisho wa mwezi gari itoke. Na ikilala barabarani kule Albert Park, eish, Mama, wataiiba usiku wa kwanza. Nitabaki kuiuza tu."

Sumaku ilinasa kila mahali. Kanyagio lilikuwa sawa. Kisha nikapiga magoti na kuwasha tochi. Sakafu ilikuwa nyeupe, inanukia sabuni, haina hata tone. Damu ilinipanda. Niliona nadanganywa, tena na mtu anayeninywesha soda. Sikuuliza neno. Nikaandika, "Gari halilali hapa," nikarudi ofisini, na Mkaguzi Mkuu akasoma akasema, "Wewe una jicho." Kichwa kikanivimba siku nzima.

Siku tatu baadaye Papa Ilunga akaja ofisini na barua ya kukataliwa mkononi.

"Mama, kama hailali kule, inalala wapi? Kitandani kwangu?"

"Sakafu haina doa la mafuta, Papa."

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

"Ile mafuta? Mama, tuliosha! Mimi na bibi yangu, tulisugua na sabuni ya soude tangu asubuhi mpaka saa nane. Wewe ulikuwa mugeni wetu. Nitapokeaje mugeni mu uchafu?"

Nilijua papo hapo kwamba anasema kweli. Hata kwetu, mgeni akitangazwa, nyumba husuguliwa mpaka mikono inachubuka. Mkaguzi Mkuu alikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwangu, nyuma ya mlango wa kioo. Ningebisha hodi tu, niseme nimekosea. Lakini ile ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa ndiyo angetia saini barua yangu ya kuajiriwa. Niliogopa.

"Lete ombi jipya baada ya miezi sita, Papa," nikasema. "Ndivyo utaratibu ulivyo."

Akaikunja barua taratibu. "Asante, Mama," akasema. Aliniambia asante, na neno hilo limeniuma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa kazini.

Kabla ya mwaka kwisha nilitumwa kwa tajiri mmoja kaskazini mwa jiji, mkusanyaji wa magari. La tano katika safu lilikuwa motokaa ya Kifaransa ya rangi ya maziwa. Niligusa kiti, nikaona uzi umepita kwenye matundu ya zamani. Tajiri alisema alilinunua kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa na haraka. Nikapiga magoti. Chini ya injini palikuwa na doa jeusi. Nikaandika kwamba linafaa, na kazi haikuchukua hata nusu saa.

Baadaye nilihamishiwa tawi la katikati ya jiji, na miaka ikapita mpaka nami nikaitwa Mkaguzi Mkuu. Kila mkaguzi mpya nilimfundisha kuuliza, kabla hajashika kalamu, sakafu imeoshwa lini na kwa nini. Wakadhani ni ujanja wa kazi. Sikumwambia yeyote nilikoutoa.

Nilipostaafu nilikwenda Albert Park. Papa Ilunga alikuwa angali kwenye cherehani yake, mvi kichwa kizima. Nikamweleza yote: kwamba siku ile ofisini nilimwamini, na nikanyamaza kwa ajili ya kazi yangu, na kwamba baadaye gari lake nililikuta kwa yule tajiri. Hakuinua mguu mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Kule ulikoikuta," akauliza, "iko inalala ndani?"

"Ndani, Papa. Nililiona doa."

Akakata uzi kwa meno.

"Basi kule hawakukuoshea."