Mwanamke Asiyetajwa Jina

Mume wangu alikwenda Brussels kusomea udaktari wa mashairi ya Wajerumani wa kale, yale ya kwenye makasri, ambamo shujaa wa farasi anampenda mke wa bwana mkubwa na kuteseka miaka nenda miaka rudi bila kupewa hata maji ya kunywa. Mimi nikamfuata. Tulipanga Ganshoren, mtaa mkimya ajabu. Mchana kutwa nilisikia friji tu.

Jioni alirudi na habari zao. Jina la yule mwanamke, aliniambia, mshairi halitaji kamwe. Kulificha ndiyo heshima yenyewe. "Hata nyimbo za mapenzi unazozisikia redioni zimerithi kwao," akasema. Nikamwambia wanaume wa Tanga walikuwa wakiwalilia wake za watu kabla profesa wake hajazaliwa. Akacheka, akarudi kwenye vitabu.

Shida yangu ilikuwa moja: hakuna aliyeniita jina. Kwetu mume humwita mkewe mama fulani, na sisi huyo fulani hatukuwa tumejaliwa. Basi nikawa "wewe", au "sikia". Wakongo wa kanisani waliniita maman. Dukani, madame. Mama yangu kwenye simu, mwanangu. Wiki zilipita sijalisikia jina langu kinywani mwa mtu yeyote. Upweke ule usikie kwa mwenzio. Nilimwomba, tena kwa upole: niite jina langu, hata mara moja, humu ndani tuko wawili tu. Akaona haya. "Nitazoea," akasema.

Siku ya kutetea tasnifu yake nilivaa kitenge kipya, nikakaa mstari wa mbele. Walipokwisha kumpongeza, akasimama kushukuru. Akawataja maprofesa mmoja mmoja kwa majina, akamtaja mtu wa maktaba, hata jirani aliyetuazima kitanda. Nikakaa wima, nikaweka kitenge vizuri, maana niliyebaki ni mimi.

"Na mke wangu," akasema kwa Kifaransa, "ambaye kwa adabu ya washairi hawa, na ya kwetu pia, simtaji jina."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu wazima na elimu zao wakafuta machozi. Yeye akanitazama akitabasamu, na niliona wazi kwamba hiyo ndiyo zawadi aliyoniandalia siku zote. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi mmoja wa Kibelgiji aliyeketi kando yangu akanishika mkono, akaniuliza naitwa nani. Nikafungua mdomo nimjibu, nikaanza kulia kabla sijalitamka.